Bunduki ya Verna

Verna Stucky aliweka sikio kwenye bunduki kama daktari anayesikiliza kifua, akauvuta wenzo, ule mkono wa chini wa kupakia risasi, taratibu, akaurudisha. Ukateleza bila kelele, laini kama siagi ya moto.

"Nzuri," alisema, akairudisha rafuni.

Lyle Hovland, mwenye duka, alikuna kidevu. Hiyo ilikuwa ya tatu. Miaka ishirini na moja ameuza bunduki na vifaa vya kuvulia samaki katika mji ule mdogo wa Wyoming, na hajapata kumwona mtu akirudisha kitu kwa sababu ni kizuri.

"Mama Verna, kama ni nzuri si uichukue? Bei yake ya kutupa. Ni nakala ya bunduki ya kale, sawa, lakini ile asili yenyewe ungelazimika kuuza trekta ili uipate."

"Usiniharakishe, Lyle. Chai ya haraka huunguza ulimi."

Hakuna aliyethubutu kubishana na Verna kuhusu bunduki za wenzo. Kila Jumamosi watu wazima wa wilaya nzima walivaa kofia pana na viatu vya mchunga ng'ombe, wakaenda kwenye uwanja wa shabaha kupiga vibao vya chuma kama watu wa kale. Na kwa misimu mitatu sasa, mshindi alikuwa huyu bibi wa miaka sitini na tisa, mwenye miwani ya kamba na koti linalonuka farasi.

Akaishika ya nne. Aliifungua, akachungulia na kuingiza kidole kuhakikisha haina risasi, ndipo akaielekeza dirishani kuchungulia ndani ya mtutu. Akapapasa mahali mbao inapokutana na chuma. Akakagua vichwa vya skrubu, kama vimechunwa na bisibisi ya fundi mwenye pupa.

"Kidude cha kulengea kimekaa upande," alisema.

"Kidogo tu! Unaweza kukizoea."

"Emmett atakiona hata bila miwani." Akairudisha.

Emmett alikuwa mumewe. Lyle akaona hapo pana mlango wa kupitia. "Mzee hajambo? Mbona hamkuja wote?"

"Yuko nyuma ya zizi anafanya mazoezi ya Jumamosi. Tangu asubuhi anayatisha makopo."

"Anayatisha tu?"

"Hayapigi." Verna hakucheka. "Mikono inamtetemeka siku hizi. Zamani nilikuwa namfuata kwa nyuma na kumwokotea maganda ya risasi. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Na sasa unatafuta bunduki mpya ili umchape zaidi! Mama, huna huruma wewe."

"Jumamosi ndiyo ya mwisho ya msimu," Verna alijibu, mkono wake ukienda kwa bunduki ya tano. "Sitaki ubishi wowote."

Ile ya tano ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha. Ilipendeza mno kwa macho: mbao nyekundu iliyong'aa, chuma cheusi kisicho na doa. Lakini ilikuwa na shetani wake ndani. Wateja wawili walikwisha kuirudisha, wa pili akiitupa juu ya kaunta na maneno ambayo mke wa Lyle alilazimika kuyazibia masikio.

Verna akaikagua, mtutu, mbao na skrubu. Akatoa mfukoni risasi nne za bandia, zile zisizo na baruti, akazisukuma ndani na kuuvuta wenzo mara nne. Zote nne zikatoka zikiruka, zikagongagonga kaunta.

Nne tu! Lyle alitaka kuibusu dari. Verna akiichagua mwenyewe, kwa macho yake, nani atakuja kumlaumu muuzaji?

"Hii ina nini?" Verna aliuliza ghafla.

"Hiyo? Haina... ni nzuri."

Verna akamtazama juu ya miwani. Lyle akatazama ndoano za samaki. Akilini akamwona Verna siku ya Jumamosi, mbele ya watu wote, akihangaika na wenzo uliogoma, na Emmett pembeni akiona aibu kwa niaba ya mkewe. Akashindwa.

"Mama, nisamehe. Usiinunue. Inakwama. Risasi ya tano au ya sita, kila mara, hata uitukane. Imerudishwa mara mbili. Nilitaka tu iniondokee hapa."

Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya. Verna hakufoka. Alinyoosha kiganja.

"Nipe mbili zaidi."

Lyle akafungua droo, akampa risasi mbili za bandia. Verna akazijaza zote sita. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano zikaruka. Ya sita, wenzo ukaganda katikati kama punda aliyefika darajani. Verna akausukuma, akauvuta, akaupiga kiganja. Wapi!

Lyle akasubiri matusi.

Verna akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ifunge vizuri," alisema. "Ndiyo nitakayopigia mimi Jumamosi."

"Wewe? Mama, hiyo itakuangusha! Hata Emmett atakushinda!"

"Nikikosa kibao kwa makusudi ataniona, Lyle, miaka arobaini na minne ananijua, na hatanisamehe." Akaanza kuhesabu dola juu ya kaunta. "Lakini nikimwambia wewe umeniuzia mbovu, hilo ataliamini."