Dawa ya Vidole

Sheria ilimtaka kila mjamzito achague dawa ya kuongoza neva za mwanawe. Nyamizi alichagua vidole, akitamani kuzaa daktari wa upasuaji. Neva nyingi zikaifuata dawa hadi mikononi, na zile za kutambua sura hazikukua.

Mwanawe Kalunde alipofika miaka sita alishona kama fundi, lakini kila asubuhi alimuuliza mama yake, "Shikamoo. Wewe ni nani?"

Mimba ya pili ilipoingia, Nyamizi alimsihi muuguzi, "Huyu mwacheni akue mwenyewe."

"Hairuhusiwi, dada. Chagua."

"Basi sura."

"Mikono itakuwa dhaifu. Hata kifungo hatafunga."

"Lakini atanijua?"

"Atakujua."

Nyamizi akatia sahihi upesi, kabla aibu haijamzuia.