Mkorosho Usiojua Salfa

Nyayo zilikuwepo tena chini ya mti wa saba, na safari hii aliyeziacha hakujisumbua hata kuzifuta.

Salome alizikodolea macho. Alikuwa mtafiti wa korosho, na mkorosho huu wa kijiji cha Mkunya ndio uliobeba matumaini yake yote. Miti mingine shambani ilipulizwa salfa, ile dawa ya unga wa njano, kila msimu wa maua, la sivyo ugonjwa wa ubwiri unga ungeyakausha maua yote. Huu haukupulizwa. Vijana wa kupuliza walipewa amri moja tu: wa saba ruka. Na bado, msimu wa tatu sasa, maua yake yalikuwa safi kabisa.

Keshokutwa ilikuwa inakuja kamati ya kupitisha mbegu mpya. Ikiridhika, mkulima wa Newala hatahangaika tena na salfa.

Kwa hiyo Salome aliificha siri hiyo kama roho yake. Hata vijana hakuwaambia sababu ya kuuruka mti ule. Wezi wa vikonyo, vile vijitawi vya kupandikizia, hawakosekani. Mtu akikata kikonyo kimoja na kukibebesha kwenye mche wake, kesho mbegu ni yake na wewe uliyehangaika unabaki kupiga miayo.

"Majirani umewaambia watusaidie kuangalia?" aliuliza Kulwa, mgambo wa kijiji.

"Sijamwambia mtu."

"Hata Bi Rukaiya? Shamba lake si hilo hapo?"

"Hata yeye." Ilimuuma kidogo kusema hivyo. Bi Rukaiya amekuwa akiwaletea mihogo ya kuchemsha tangu msimu wa kwanza.

Alfajiri iliyofuata walijibanza kwenye mihogo, ukungu umetanda shamba zima. Salome alikuwa anatetemeka kwa baridi na kwa hasira. Miaka mitatu ya maisha yake, halafu aje mtu tu na kisu!

Majani makavu yakalia. Mtu akatokeza kwenye ukungu, amejitanda kanga usoni yakabaki macho, mkononi ana fimbo ndefu. Alikwenda moja kwa moja hadi mti wa saba, akaiinua fimbo mpaka kwenye matawi yenye maua.

"Anavunja!" Salome alinong'ona.

Kulwa alikuwa ameshachomoka, rungu juu. "Tupa chini! Nasema tupa chini!"

Fimbo ikaanguka. Yule mtu akajifunua uso taratibu.

Alikuwa Bi Rukaiya. Na hasira zake zote zile, Salome alijikuta anasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnanitisha na marungu asubuhi yote hii?"

"Nani amekutuma, bibi?" Salome aliuliza. "Vikonyo unampelekea nani?"

"Vikonyo gani tena?" Bi Rukaiya aliinama, akaokota fimbo yake. Kwenye ncha palifungwa kifuko cha chandarua, na unga wa njano ulikuwa ukimwagika. Aliukung'uta mikononi, akakohoa, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea mwenzake msamaha:

"Usiwagombeze vijana wako, mwanangu, kazi wanafanya. Ila huu mmoja wanausahau kila mwaka, na mimi kila mwaka nawamalizia."