Mapigo ya Moyo wa Mama

Chuoni kwa Zulfa, elimu ya uuguzi ilikuwa mali ya hospitali iliyokimiliki chuo. Mwanafunzi aliipokea kichwani akiingia getini, na akitoka ilifutika yote.

Asubuhi hiyo mama yake aliamka akitweta. Zulfa alimshika kifundo cha mkono, akahisi mshipa ukidunda ovyo. Hakujua maana yake. Alimfunika kanga, akaenda chuoni.

Alipovuka geti tu, akaelewa. Moyo wa mama ulikuwa unashindwa kazi.

"Nifungulie, mjomba! Mama yangu anakufa."

"Nitakufungulia," mlinzi alisema kwa huruma, "lakini ukitoka utasahau mama ana nini."

Zulfa alikimbia njia nzima akirudia, "Mama aende hospitali, mama aende hospitali," ili angalau maneno hayo yasimpotee.

Alimkuta mama ameketi kitandani, jasho likimtiririka.

"Mama, twende hospitali sasa hivi."

"Kwani nina nini, mwanangu?"

Zulfa alifungua mdomo. Yakatoka maneno yale yale tu, "Mama aende hospitali."

"Basi niache nipumzike kidogo," mama alisema, akajilaza.

Zulfa alibaki amesimama pale, akiogopa kitu asichokijua.