Salamu za Kila Jumapili

"Huyu si mtu," alisema Mama, akaisogeza simu karibu na miwani. "Mkono wa shati umeota begani bila mshono. Nani kamshonea, malaika?"

Kwenye video, mzee mmoja alikuwa anaendesha baiskeli yenye miguu minane badala ya magurudumu. Mkwe wa Mama, fundi wa kompyuta, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mkewe, binti wa Mama, hakucheka. Aliganda palepale na sahani mkononi.

Kwa miezi Mama alikuwa hapitwi na maajabu ya mtandaoni. Maporomoko ya maji yanayopanda juu, aliamini. Mashine ya kumvika mtu soksi, aliamini, tena akawaita majirani waje waone. Leo, ghafla, miaka arobaini ya cherehani ikamfungua macho.

"Hii kweli. Hii uongo. Hii uongo mtupu, kola imeshikana na shingo!"

Binti alimvuta mumewe jikoni.

"Ya kesho umeshaitengeneza?"

"Tayari. Amevaa shati la bluu."

"Mbadilishe! Mvalishe fulana. Hapana, fulana nayo ina mishono. Onyesha uso tu."

"Mama akiona uso mtupu ndipo atashtuka zaidi. Jamani, mke wangu, mimi sijui kushona."

Haukuanza kwa ubaya, uongo huu. Kaka yake binti alifariki ng'ambo, jukwaa la ujenzi lilipoanguka, wiki ileile Mama alipofanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari hakuficha: habari nzito yoyote ingeweza kumuua. Marehemu akazikwa hukohuko. "Tumpe Mama wiki mbili tu apate nguvu," binti aliomba. Mumewe akachukua picha na sauti za shemeji yake, akakaa kwenye kompyuta, akamfanya aseme: "Mama, shikamoo. Mimi mzima. Mtandao wa huku kambini mbovu, ndiyo maana sipigi."

Wiki mbili zikawa miezi minane. Kila Jumapili salamu ziliingia, na kila Jumapili ukweli ulizidi kuwa mgumu kutamkika. Utaanzia wapi? Wakati mmoja walijaribu kuacha kutuma. Mama alikaa na simu mapajani kutwa nzima, chakula hakugusa, mpaka wakatuma wenyewe jioni.

Sasa binti alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Aliificha miwani, Mama akaazima ya jirani. Alisema simu imeharibika. Mama akaiwasha mbele ya macho yake. Usiku ule binti hakulala, alilia tu kimyakimya ili asimwamshe mtu.

Jumapili saa nne asubuhi salamu zikaingia. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani. Binti alisimama nyuma yake, dawa za moyo mkononi, namba ya hospitali tayari kwenye simu.

"Mama, shikamoo," alisema kijana wa shati la bluu.

"Marahaba, mwanangu."

Halafu Mama akaisimamisha video. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akatazama bega, akatazama kola, akarudi tena begani. Binti akamsogezea dawa.

"Mama, meza dawa kwanza," alisema. "Tafadhali, Mama yangu."

Mama alivua miwani taratibu, akaifuta kwa pindo la gauni, akamgeukia mkwe wake aliyekuwa amejibanza mlangoni.

"Unajitahidi, baba, Mungu akulipe," alisema. "Ila tangu ile ya kwanza nangoja umfanye acheke, na humchekeshi. Mwanangu, enzi za uhai wake, alikuwa haishi kucheka."