Kofia ya Benchi la Nyuma

Kila Jumamosi alasiri, kanisa likishafagiliwa, Nakijwa alipanda mimbarani kujaribu mahubiri yake ya kesho. Msikilizaji alikuwa mmoja tu, mumewe Elirehema, aliyekaa benchi la nyuma kabisa, kofia magotini. Sauti ya mkewe ilipofifia, aliinyanyua ile kofia juu. Nakijwa akipaza sauti, kofia inashuka.

Leo alipanda tena, kwa mara ya kwanza tangu wamzike mumewe. Kofia alikuja nayo mwenyewe, akaiweka palepale. Mchungaji Kiangi, aliyekuwa akimfundisha kuhubiri, alikaa mbele.

Alianza vizuri, habari za Mariamu kule kaburini alfajiri. Lakini alipofika pale Mariamu anapogeuka na kumwona mtu asiyemtambua, sauti ilishuka, ikazidi kushuka, hadi ikawa kama ya mtu anayezungumza na mto wake.

"Paza sauti, mama," Mchungaji alisema. "Mimi niliye hapa mbele nakusikia kwa taabu. Wa kule nyuma je?"

"Najua, Baba Mchungaji."

"Sasa kama unajua, mbona unazidi kuishusha?"

 Nakijwa aliendelea kuhubiri kwa sauti ya chini zaidi, midomo ikicheza tu, macho ameyakaza kwenye benchi la nyuma, akiisubiri kofia inyanyuke.