Vumbi la Mbao

Fundi alifungua nati ya difu, kasha la gia za nyuma la pikapu kuukuu, akachovya kidole. Kilitoka na oili iliyochanganywa na vumbi la mbao, dawa ya kuziba mlio wa gia zilizolika.

"Mzee, difu yako unailisha pumba?"

Mfugaji aliyeuza ng'ombe wake ili anunue pikapu hiyo hakucheka. Alimtazama muuzaji, aliyesimama na binti yake Adela.

"Ni huyu binti yangu," baba alisema upesi. "Mtundu sana."

Adela alikuwa ametumwa tu na baba kuzoa vumbi lile kwa wapasua mbao wa pale Izia. Alimtazama baba yake.

"Ni mimi," alisema. "Nisameheni."

Fundi akamnyooshea spana. "Haya dada, ifunge kama ulivyoifunga."

Adela aliipokea kwa mikono miwili, asijue aizungushe upande gani.