Mgeni Asiyezima

"Mgeni wako bado yupo?" mkuu wa zamu aliuliza, macho kwenye kikombe chake cha chai.

"Yupo," akajibu Kimya.

Ndilo jina walilompa ofisini, maana aliweza kushinda kutwa mbele ya kompyuta bila kumsemesha mtu. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo inayopeleka video majumbani kwa watu. Programu aliyokaa nayo haikufundishwa na yeyote. Iliachiwa itazame yenyewe, ikajua mazoea ya watazamaji, ikawapanga makundi. Asiyeingia kundi lolote ilimwekea alama nyekundu. Mtu kama huyo ofisini walimwita mgeni.

Huyu alikuwa na alama tangu juzi. Hasimamishi, harukishi, hazimi. Kipindi kikiisha, kingine.

"Mtu gani asiyekwenda hata msalani?" Mkuu akacheka. "Hiyo ni mashine ya wezi, inanakili vipindi vyetu. Kata."

"Na kama ni mtu?"

"Mtu ana watu wake, dada. Kata, kisha uende likizo. Umetuchosha na huo ububu wako."

Likizo ya kwenda wapi? Chumba chake kilikuwa na kitanda na ndoo. Aliwaza nyumbani. Akachukua simu, akampigia mama yake tena.

"Shikamoo, mama. Nimepewa likizo. Nije?"

"Marahaba, mwanangu. Uje ulale wapi? Si unasikia nyumba ilivyojaa wageni?"

Alisikia. Watu wanaongea kwa kupokezana, mwanamume mmoja anacheka kuwapita wote, kisha makofi. Tangu juzi kwa mama kila akipiga ni hivyo. Nani angemkumbuka yeye kwenye raha ile?

"Leo akina nani?"

"Aa, majirani tu. Wewe fanya kazi yako, usinihangaikie."

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, anamwonyesha kompyuta kwa kidevu. Kimya akabana simu begani, akapeleka mkono kwenye ile alama nyekundu, akamkatia mgeni video.

"Basi, mama, wakipungua utaniambia."

"Nitakuambia, mwa—"

Nyuma ya sauti ya mama, yule mwanamume akakatikia katikati ya kicheko, na nyumba nzima ikanyamaza.